Simu Iliyokosa Nafasi ya Matroni

Mashineni, tukiwa kwenye foleni ya kusaga mahindi, Mama Kefa alisema kwamba simu ya zamani ikijaa sana huanza kuweka vitu vyake kwenye kichwa cha mwenye simu. Alisema kuna mama mmoja upande wa Ilembula alikaa na simu iliyojaa mwaka mzima, siku moja akaamka hamjui mume wake, akamkaribisha chai kama mgeni na kumuuliza ametokea wapi. "Na mume naye alivyo," Mama Kefa akasema, "akajibu ametokea chumbani." Wanawake wakacheka mpaka vumbi la unga likawapalia. Mimi nikacheka nao. Lakini maneno yale yaliondoka na mimi pale mashineni, nikaja nayo nyumbani pamoja na debe langu la unga, na nilipopanda kitandani nayo yakapanda.

Sababu ya kutoyachukulia kama utani ni hii. Simu yangu ni ya zamani. Kioo kimepasuka kutoka juu mpaka chini, na mfuniko wa nyuma nimeufunga kwa rababendi. Kila siku inaniambia nafasi imejaa, nami kila siku nabonyeza "Sawa", nikidhani nikishasema sawa basi yameisha. Ikiita inastaki, inaganda haiendi mbele wala nyuma. Nikiwahi kupokea, inajizima na kujiwasha upya, na aliyepiga ananiona nina dharau.

Sasa binti yangu Lusungu yuko bweni, kidato cha kwanza, huko milimani kwenye ukungu na baridi, na mtoto ana pumu. Ana kile kidude cha kuvuta dawa, sisi tunakiita pampu. Matroni wa bweni ana namba yangu tu. Aliniahidi Jumapili atanipigia anieleze kifua cha mtoto kinaendeleaje. Jumapili ikapita, Jumatatu ikapita, simu kimya. Nikawa najiambia kimya ni heri, huku naitazama kila nikimaliza kuosha chombo.

Basi usiku wa Jumatatu ile nikalala nayo chini ya mto, na ndoto niliyoiota ni hii.

Niko jikoni kwangu, mchana kweupe. Simu yangu imekaa kwenye kigoda, inachambua maharage.

Haikuwa na umbo la simu. Ilikuwa mama wa makamo kama mimi, lakini nilimjua mara moja, maana ufa ulimpita usoni kutoka kwenye nyusi mpaka kidevuni, na kiunoni alikuwa amejifunga rababendi. Sikushangaa. Nilimuuliza kama amekula.

"Nimekula chaji kidogo," akasema. "Mama Lu—"

Akanyamaza. Mkono umebaki hewani na punje moja ya harage. Jicho halipepesi. Nikajua amestaki, nikaendelea na kazi zangu. Nikasonga ugali. Ugali ukaiva, nikapakua, nikala, nikaosha sufuria, nikaifunika.

"—sungu," akamalizia. "Kuna mgeni mlangoni."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu Jumapili."

Nikaacha kila kitu nikaenda mlangoni. Mlango ukakataa kufunguka. Ulifunguka upana wa kiganja tu, kisha ukagonga kitu kwa ndani. Kwenye ule upenyo nikamwona mama mrefu, mwembamba, amevaa koti la mvua. Anatetemeka mwili mzima, anatulia. Anatetemeka, anatulia. Kila akitetemeka, meno yake yanapiga ule wimbo wa simu nilioutenga kwa ajili ya bweni la mtoto.

"Karibu, dada," nikasema. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni simu ya matroni."

"Sema basi, nakusikia."

"Siwezi kusema nikiwa nje. Mpaka niingie nikae."

"Ni habari za mtoto?"

"Sijui. Nimebeba tu, sijafungua." Akaniinulia kidevu nione. Kweli, kooni kulikuwa na kitu kimevimba kama tonge lililokataa kushuka. "Muda wangu wa kuita ukiisha naondoka," akasema. "Halafu natumwa tena, naanza safari upya. Nimekuja mara nyingi, mama. Angalia miguu."

Nikaangalia. Miguu ilikuwa imelowa matope mpaka magotini. Nikasukuma mlango kwa bega, haukusogea. Ndipo nikageuka kutazama ni nini kinauzuia.

Sebule yangu ina makochi mawili na meza ya kioo. Sikuviona. Niliona vikombe vya chai. Vimepangana kutoka sakafuni mpaka kwenye bati, kila kimoja kinafuka mvuke, kila kimoja kimeegemea ua jekundu, na kila kimoja kinasema kwa sauti ya mtu ninayemfahamu, "Asubuhi njema, Mungu akupiganie."

"Wewe ni wa asubuhi ipi?" nikakiuliza kimoja.

"Ya ile siku mlipomzika babu," kikasema. "Asubuhi njema."

Nyuma ya vikombe kulikuwa na matarumbeta. Bendi nzima ya harusi, wanaume wenye mashati meupe, mashavu yamevimba, wanapiga kipande kimoja, wakifika mwisho wanarudia. Pembeni yao bendi nyingine, watu walewale, mashati yaleyale. Pembeni ya hiyo, nyingine tena. Mpaka kwenye chumba cha kulala, mpaka juu ya kabati.

"Hawa wote wametoka wapi?" nikauliza.

Simu alikuwa amenifuata na ungo wake wa maharage. "Video ni moja," akasema. "Ila kila mtu kwenye kamati aliituma. Mimi sijui kama ni moja. Naambiwa weka, naweka."

Na katikati ya matarumbeta, kwenye viti vya plastiki vilivyofungwa vitambaa, imekaa kamati.

Hapa nieleze, maana wengine hamna ndugu wengi. Kwetu mtu akitaka kuoa, kamati inaundwa, na siku hizi kamati inakaa ndani ya grupu la simu. Harusi ikiisha grupu lingetakiwa kwisha. Haliishi. Ukitoka, wote wanaona kwamba fulani ameondoka, na kuwa wa kwanza kuondoka ni sawa na kunyanyuka mezani wakwe wakiwa bado wanakula. Kwa hiyo wote tunakaa. Hii ilikuwa kamati ya harusi ya binti wa wifi yangu mkubwa, Atupele, dada wa mume wangu. Maharusi wenyewe walishaachana. Bibi harusi yuko Tunduma na maisha mengine, bwana harusi sijui. Kamati ipo. Inatumiana chai kila asubuhi.

Wote wamevaa vile vitenge vya rangi ya chungwa vya sare. Wakanipungia mikono. Mimi nami nikajikuta nimevaa.

"Mama Lusungu," simu ya matroni akaita kwenye upenyo, "naomba uharakishe."

Kabla sijajibu, dirisha likagongwa. Mwanaume mnene, suti mpya, tumbo limefunika dirisha lote.

"Mimi ni toleo jipya," akasema. "Nikiingia mimi, simu yako haistaki tena."

"Afadhali! Ingia, kaka."

Akapima nyumba kwa macho. "Ndogo. Nitolee nusu."

"Nikikutolea nusu ukaingia wewe, matroni atapita wapi?"

"Hilo," akasema, "litashughulikiwa kwenye toleo lijalo." Akashusha kichwa, akalala palepale dirishani, akawa anakoroma na kuamka kila baada ya muda kuniuliza kama nipo tayari au anikumbushe kesho.

Nikaona nisisubiri wanaume. Nikakumbatia vikombe vya chai, vingi kadiri mikono ilivyoweza, nikavitoa kwa mlango wa nyuma nivimwage uani.

Uani hakuna. Nimetokea kwenye baraza la zahanati. Mabenchi marefu, ukuta wa kijani nusu na mweupe nusu, na kila benchi limejaa vitu vimekaa vinasubiri. Vikombe vyangu vikashuka mikononi, vikaenda kukaa kwenye foleni bila kuelekezwa. Karibu yangu imekaa picha ya kidole gumba changu. Jirani yake imekaa picha nyingine ya kidole gumba changu.

"Shikamoo, mama," vikasema vyote viwili.

"Marahaba. Ninyi si niliwafuta tangu wiki ile?"

"Ulitufuta. Tunakaa hapa siku thelathini, huenda ukatuhitaji."

"Nimhitaji kidole gumba kwa kazi gani?"

"Hilo si letu kujua. Watu wengine hujuta."

"Na hapa mlipo, mnachukua nafasi?"

Vidole vikatazamana. "Ileile," kimoja kikasema, kwa aibu.

Mwisho wa baraza palikuwa na pipa, na nesi amekaa juu yake anafuma kofia ya mtoto. Nikamwomba anyanyuke. Akaniuliza nina uhakika, nikasema ninao. Akaniuliza tena, kwa sauti ileile. Nikasema nesi, kuna mtu mlangoni kwangu na miguu imelowa. Akanyanyuka. Nikalipindua pipa, na baraza zima likatoweka kama povu. Vidole gumba viliniaga vizuri, siwezi kusema uongo.

Nikajikuta sebuleni kwangu, na mlango umeongezeka upana. Simu ya matroni alikuwa amepenyeza mkono mmoja na bega.

"Bado kidogo," akasema. "Vuta."

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, ule ubaridi wa kule bwenini, niliutambua. Navuta. Kichwa kinakuja. Sikio limeshaingia.

Kupitia pale pale kwapani kwake akapita mama mwingine, anakimbia, ana kilemba cha kumeta na fagio la plastiki. Sikumwita.

"Nimesikia huku kuna uchafu!" akasema. "Mimi ni msafishaji. Bure kabisa!"

Akaanza kufagia. Anatoa vumbi kona hii anapeleka kona ile. Akifika kule anapiga kelele, "Nimekutua mzigo! Sasa una kasi!" Halafu analirudisha vumbi kona ya kwanza, "Nimekutua tena!" Nyuma yake wakaingia wabeba mizigo na mabegi makubwa, wakayapanga mlangoni.

"Haya mabegi ya nani?"

"Ni matangazo yangu. Yatakaa kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

"Dada yangu, unataka kupunguza tumbo? Unacheza ule mchezo wa kupanga peremende? Kuna mtu anakufuatilia, unajua?"

"Nataka utoke."

"Ukinitoa nitakuwa na huzuni," akasema, akakaa juu ya begi, akatoa vidirisha viwili vya karatasi, kimoja kikubwa kimeandikwa BAKI, kingine kidogo kama punje ya ulezi. Mpaka nilipokiona kile kidogo na kukibonyeza kwa ukucha, mlango ulikuwa umerudi kwenye upana wa kiganja. Mkono wa simu ya matroni ulikuwa nje. Akatoka yule msafishaji analia, mabegi akayaacha.

"Simu!" nikaita. "Njoo tusaidiane!"

Simu akasimama. Akanitazama. Ufa ukang'aa usoni mwake, macho yakawa meusi, akaanguka chini na ungo wake. Maharage yakatawanyika yote. Nikapiga magoti nikampepea na kanga. Baada ya muda akaketi wima, akaimba kawimbo kafupi, akatabasamu kama mtu anayenionea huruma.

"Karibu," akasema. "Chagua lugha."

"Kiswahili. Ni mimi bwana."

"Wewe nani?"

"Mimi ni Mama..."

Nikafungua mdomo kumalizia. Halikuja. Nikarudi nyuma nikalikimbilia kama mtu anayeruka mfereji. "Mama..." Pale palipokuwa na jina, nikasikia mvuke.

"Mama Asubuhi Njema," nikasema.

Simu akainamisha kichwa. Nadhani hapo ndipo alinikumbuka.

"Samahani," akasema. "Nilikosa pa kuweka. Nimeanza kukuwekea wewe."

"Umeweka wapi?"

"Pale palipokuwa na mtoto."

"Kwa nini pale? Mna vitu vingapi humu kichwani! Kuna bei ya nyanya, kuna maneno ya majirani, kwa nini pale?"

"Palikuwa papana kuliko kote," akasema.

Nikakaa chini kati ya maharage, nikamtafuta mwanangu kichwani. Nikatafuta uso. Nikakuta ua jekundu. Nikatafuta jinsi anavyocheka, ile ya kuanza na kikohozi, nikakuta tarumbeta. Nikaenda mpaka ile siku aliyozaliwa, mvua inanyesha, mkunga anasema ni wa kike, nikamgeuza mtoto nimwone, mkunga akaniambia "Kamati mnakumbushwa kikao ni leo saa kumi." Nikapiga ukelele wa kumwita. Kilichotoka mdomoni mwangu, kwa sauti yangu mwenyewe, ni, "Wajumbe, tujitokeze kwa wingi."

Kamati yote ikapiga makofi.

"Muda wangu unaisha," simu ya matroni akasema huko nje. Kutetemeka kwake kulikuwa kumeshuka, kama mtu aliyechoka kuhema.

Nikamshika simu yangu mabega. "Mkubwa kuliko wote humu ndani ni nani? Niambie ukweli."

"Unataka nikwambie?"

"Ndiyo!"

"Hujawahi kuniuliza," akasema, na akanyoosha kidole. Hakunyoosha kwenye vikombe wala kwenye mabegi. Alinyoosha kwenye viti vya plastiki.

Nikainuka nikaenda. Sebule ikarefuka, ikawa ukumbi, na mapambo, na zulia jekundu katikati. Nilitembea lile zulia na matarumbeta yakanisindikiza. Mbele, meza kuu, viti viwili vya maharusi vitupu, kimoja kina puto. Wifi Atupele amesimama hapo na kisu cha keki. Anakata keki, ananilenga kipande mdomoni. Nyuma yake wifi Atupele mwingine anakata keki, na mwingine, wote waliopigwa picha siku ile.

"Wifi, kaa," akasema yule wa kwanza. "Keki bado."

"Wifi, harusi imeisha."

"Nani kasema?"

"Maharusi hawapo."

"Maharusi ni wa siku moja tu. Kamati ni sisi." Akanitazama juu mpaka chini. "Au umetuchoka? Sema. Mke wa kaka akituchoka aseme, tujue."

"Sijawachoka, wifi. Mtoto wangu yuko nje, habari zake hazina pa kupita."

"Mtoto gani?"

"Yule... mwenye kifua."

"Jina lake?"

Ukumbi wote ukanigeukia. Hata matarumbeta yalishusha sauti yasikie.

"Siwezi kulitaja," nikasema, "kwa sababu mmelikalia."

Wajumbe wakatazamana. Wakainua miguu, wakainama kuchungulia chini ya viti vyao. Mzee mmoja akasema yeye haoni kitu, labda upande wa wapambaji.

"Ukitoka nitatangaza," wifi akasema.

"Tangaza."

"Ukoo mzima utajua."

"Nitakuja kwako kwa miguu yangu, wifi, na jogoo mkononi, nikuombe radhi sebuleni kwako mbele ya kaka yako. Lakini hapa natoka."

Mlango wa kutokea haukuwa kule nilikoingilia. Ulikuwa chini kabisa, nyuma ya viti vyote, nyuma ya masufuria ya pilau, mlango mfupi wa kupita kwa kuinama, umeandikwa ONDOKA kwa rangi nyekundu. Nikaenda kwa magoti. Wajumbe wakinipisha wanasema pole, pole, kama watu wanaompisha mtu msibani.

"Una uhakika?" mlango ukauliza.

"Ninao."

"Na vilivyobaki humu nivifute?"

Nikageuka. Wifi alikuwa bado ameshika kipande cha keki kwenye uma, mkono umenyooka, krimu inadondoka. Jamani, nilimwonea huruma. Alikuwa amevaa vizuri siku ile.

"Futa," nikasema, na nikainama nikapita.

Matarumbeta yakakatika katikati ya pumzi. Kimya. Kimya ambacho nimekiogopa miaka yote. Kisha kutoka kwenye spika za ukumbi, sauti ya wifi ikasema polepole ili kila mtu asikie:

"Mama Lusungu ameondoka."

Lusungu.

Ndiye. Lusungu. Lusungu wangu mwenye kicheko cha kuanza na kikohozi. Nikalikamata lile jina kwa mikono miwili, nikalirudia, nikalirudia, na kila nikilitaja viti vinapungua, vikombe vinapungua, mpaka nikaona makochi yangu mawili na meza ya kioo, na mlango wa mbele umefunguka wenyewe mpaka ukutani.

Simu ya matroni akaingia. Akafuta miguu kwenye mkeka, akatundika koti, akakaa kwenye kochi akiwa ameweka magoti pamoja. Akakohoa mara moja. Lile tonge likashuka kutoka kooni, na akasema kwa sauti ya matroni mwenyewe, ile ya puani:

"Pampu ya mtoto imetumbukia kwenye shimo la choo."

"Imetumbukia wapi?"

"Nimemaliza," akasema. Akachukua koti lake, akanishukuru kwa kupokea, akatoka.

Nikaamka.

Kunaanza kupambazuka. Baba Lusungu amelala amegeukia ukuta. Simu ilikuwa imetoka chini ya mto ikaja chini ya shavu langu, na ile rababendi ilikuwa imenichora mstari mpaka kwenye taya. Nikawasha kioo. Haikustaki. Kwenye grupu la kamati pameandikwa kwamba nimeondoka, na chini hakuna kitu, hakuna chai, hakuna waridi. Nikakaa kitandani nimeishika kama mtu aliyeshika yai.

Ikaita. Wimbo wa bweni. Nikapokea, na safari hii ikapokeleka.

"Mama Lusungu! Jamani wewe mama! Tangu Jumapili nakupigia, inaita inakata, inaita inakata. Nikajua umebadili namba."

"Shikamoo, matroni. Mtoto vipi?"

"Usishtuke. Jana usiku alihema vibaya kidogo, tumemkalisha na shuka la joto, sasa yuko sawa, amekunywa uji. Ila unatakiwa uje leo, maana pampu yake imetu—"

"Imetumbukia kwenye shimo la choo," nikasema.

Nikasikia kuku wa kule bwenini, na ndoo inaburutwa.

"Nani kakwambia?" akauliza.

Nimekwenda, nimefika, mtoto amepata pampu mpya na nyingine nimeiacha kwa matroni. Kifua kimetulia. Sasa ninyi akina mama wenzangu mnaotumia simu za zamani kama yangu, mimi si fundi, nawaambia tu mambo ya kuepuka:

Usiambiwe nafasi imejaa ukabonyeza "Sawa" ukaendelea kupika.

Usiache simu ijipakulie yenyewe kila picha na kila video ya magrupu. Kwenye mipangilio kuna mahali pa kuizuia. Kama hupajui, uliza, hakuna aibu.

Usihifadhi video moja iliyotumwa na watu ishirini.

Usifute ukaridhika. Fungua na kule zilikokaa picha zilizofutwa, umwage. Lakini picha unazozitaka zihamishie kwanza kwenye memori kadi.

Usipakue msafishaji aliyejileta mwenyewe.

Usikae wiki nyingi bila kuizima na kuiwasha. Nayo inachoka.

Usikubali fundi airudishe kuwa kama mpya kabla hujanakili namba za watu.

Usikae kwenye kamati ya harusi iliyokwisha. Wifi akinuna, nenda na jogoo. Mimi nimekwenda. Jogoo amepokelewa, mimi bado.

Usilale na simu chini ya mto, hasa ikiwa kwenye chaji.

Usimwachie matroni namba moja tu. Mwachie na ya jirani.